Ulimi wa Filamu

Mganga hajigangi na kinyozi hajinyoi. Hayo sote tumeyasikia tangu utotoni. Ila hakuna aliyetuonya kwamba mpiga picha naye hajipigi, na kwamba siku akiondoka, ataacha nyumba imejaa nyuso za watu wa kila aina, wake haumo.

Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwa msichana mmoja ambaye wenzake chuoni walimbandika jina la Bibi Filamu. Alikuwa akisomea upigaji picha, na katika darasa zima ni yeye peke yake aliyeng'ang'ania kamera za zamani, zile za kuzungusha filamu kwa kidole na kuomba Mungu picha itoke. Wenzake walimcheka. Naye alicheka pamoja nao, maana alikuwa mcheshi, na ukizaliwa kitinda mimba katika nyumba yenye kaka mwenye maneno, utani huwa umeshauzoea kabla hujaota meno.

Kaka huyo ndiye aliyempenyezea ugonjwa wa picha. Alikuwa na studio katika chumba cha mbele cha nyumba yao, chumba chenye mlango unaofungukia barabarani. Ndani mlikuwa na pazia jeusi, taa mbili, kiti kimoja cha mbao, na sakafuni alama za rangi nyekundu alizozichora mwenyewe: hapa mguu wa stendi, hapa taa, hapa kiti. Wateja walimwita Fundi. Aliwapiga watoto waliozaliwa juzi, wahitimu wenye majoho ya kuazima, na wachumba walionuniana njiani ambao aliwachekesha mpaka wakasahau ugomvi. Kisha asubuhi moja pikipiki iliyokuwa ikimpeleka kupiga harusi ya watu iligongwa na lori, na habari zake zikaishia hapo. Simu yake ilisagika, na kitambulisho alichokuwa amekipachika nyuma ya kava ya simu kikasagika nacho.

Watu walipokuja kuhani, wakaulizia picha ya marehemu. Ndipo ilipogundulika kuwa haipo. Kompyuta ya studio ilijaa harusi za watu, maelfu kwa maelfu ya meno yaliyokenuliwa, na katika hayo yote hata jino lake moja halikuwamo. Rafiki zake walipekua simu zao wakaleta walichopata: kiwiko, kisogo, bega lenye mkanda wa kamera. Kulikuwa na moja ambamo ameonekana kwenye kioo cha gari la maharusi, amesimama wima, mzuri, na kamera imemkaa usoni imeufunika wote. Ilikuwapo pia picha ya chekechea, mtoto aliyekunja uso kwa jua. Mama yao aliirudisha bila kuitazama mara ya pili.

"Huyu nilimzaa," alisema, "lakini siye niliyemzika."

Mama alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, na nyumba nzima iliishi kwa mlio wake. Miezi ilipopita, mlio ule ukaanza kukatika katikati ya mshono. Bibi Filamu alipochungulia, alimkuta mama ameshika kitambaa, macho yamekwenda mbali.

"Hivi nyusi za kaka yako zilikuwa zinakutana?"

"Zilikutana, mama. Nadhani."

"Unadhani." Mama akakanyaga cherehani, kisha akaacha tena. "Mimi nilikuwa na hakika mpaka jana. Leo nimeamka nikamtafuta nikaona mtu tu. Mtu yeyote. Ananitoka, mwanangu, namzika mara ya pili na safari hii sina hata wa kumlilia."

Maneno hayo yalimkaa msichana rohoni kama mwiba wa samaki kooni, huumezi wala huutoi. Yeye ndiye msomi wa picha. Ikiwa kuna mtu katika dunia hii aliyepaswa kuwa na sura ya Fundi, ni yeye, na hakuwa nayo. Alikuwa amepita mbele ya kaka yake maisha yake yote, amefundishwa naye kushika kamera, na hata siku moja hakuigeuza kumwelekea. Alijilaumu kwa hilo waziwazi, tena kila siku, na mimi simwambii alikosea kujilaumu.

Basi chuoni mwalimu wao akatangaza kwamba vyumba havitoshi na vifaa ni haba. Kila mwanafunzi achague upande wake, filamu au dijitali, na akishachagua ndiyo kazi yake mpaka amalize. Lakini hakutaka uchaguzi wa ushabiki. Alitaka kila mmoja ampige mtu mmoja, kwenye kiti kimoja, kwa taa ileile, mara ya kwanza kwa dijitali na mara ya pili kwa filamu. Kisha asimame mbele ya wenzake aseme amechagua nini na kwa sababu gani.

Wenzake walimwambia yeye kazi yake imekwisha kabla haijaanza. Kumbe moyoni hakuwa na hakika hata kidogo. Filamu aliipenda kwa sababu ilimlazimisha kufikiri kabla ya kubonyeza, na kwa sababu ya kile kipindi cha kungoja, ambapo picha ipo na haipo. Lakini alikuwa ameona dijitali inavyomlisha kaka yake. Alijua kwamba harusini hakuna anayengoja. Alijua pia kwamba kama Fundi angekuwa na desturi ya vijana wenzake ya kujipiga kwa simu na kuzirusha huku na huko, leo mama angekuwa na mia za kuchagua. Filamu ilikuwa na heshima yake, lakini heshima hairudishi mtu.

Kamera ya dijitali aliazimwa na mjomba wake, ndugu wa mama, mtu mwenye vitu vingi na maneno mengi zaidi ya vitu.

"Dunia imeshahama, wewe bado unafunga virago," mjomba alimwambia akimpa begi. "Shika hii. Piga mia, futa tisini, chagua kumi. Ile yako ukikosea umekosea."

"Ndiyo inanifanya nifikiri, mjomba."

"Haya, fikiri. Mimi nikifikiri sana nasikia njaa."

Kamera ya filamu aliipata nyumbani. Kaka yake alikuwa akimtengenezea moja kuukuu iliyokwama kifungo. Alimwahidi kumkabidhi ikipona. Tangu msiba hakuna aliyefungua droo za studio. Siku hiyo alizifungua. Aliikuta imefungwa katika fulana safi, na alipoibonyeza ililia vizuri, kifungo kimepona. Kando yake palikuwa na mkebe mmoja wa filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, ulimi wake, yaani ile ncha unayoichomeka kwenye kamera, umetokeza nje kama filamu mpya zinavyokuwa. Ncha yenyewe ilikuwa imejikunja kidogo pembeni. Alidhani imebanwa na droo. Akaiweka juu ya paja, akainyoosha kwa ukucha wa kidole gumba mpaka ikalala sawasawa.

Sasa kulibaki mtu wa kukaa kitini.

"Mkalishe mjomba wako," mama alisema.

"Mjomba hatulii. Nitapata picha ya mdomo tu."

Mama alicheka, jambo ambalo lilikuwa adimu, na labda ni kule kucheka kulikomfanya akubali. Alifunga kitambaa cheupe kichwani, kilichopigwa pasi, akaingia studio ambamo hakuwa ametia mguu tangu mazishi. Alisimama mlangoni kwa muda. Kisha akaenda kukaa, taratibu, kama mtu anayekaa kwenye kiti cha mgeni.

Msichana aliweka miguu ya stendi juu ya alama nyekundu za kaka yake. Hakuona sababu ya kubuni zake. Akawasha taa, akaanza na kamera ya mjomba. Picha zilitoka safi mno, kila mkunjo, kila unywele uliochomoza chini ya kitambaa. Akamsogezea mama kioo cha nyuma ya kamera atazame.

Mama alitazama picha ya kwanza na ya pili. "Nimekuwa hivi?"

"Ni taa, mama."

"Si taa. Huyu ni mtu aliyefiwa. Akipita njiani kila mtu anajua." Akakirudisha kile kioo kwa mkono. "Endelea na hiyo nyingine, ambayo haionyeshi."

Akaendelea na nyingine. Kwa filamu mambo yalikwenda polepole. Alipima mwanga, akangoja, akabonyeza. Mama naye, kwa kuwa hakuwa na kioo cha kumsuta, alilegea. Alianza kumzungumzia Fundi, alivyokuwa mtoto mbishi asiyelala mpaka aimbiwe, na wimbo wenyewe ulikuwa wa kutunga tu, hauna mwanzo wala mwisho. Katikati ya maneno akapapasa ubao wa kiti kwa kiganja.

"Kiti kina joto," alisema.

"Ni taa, mama," binti alijibu tena, na safari hii hakuiamini sauti yake mwenyewe. Taa zilikuwa mbali.

Filamu aliisafishia chuoni, mchana, katika chumba cha giza kilichonuka dawa na ukuta mbichi. Alipoitoa majini na kuinyanyua kwenye mwanga aliona imekuwa nyeusi kuliko kawaida. Kwenye negativu, ambapo cheupe huwa cheusi na cheusi huwa cheupe, ni vigumu kumtambua mtu, lakini kuhesabu vichwa si vigumu. Kila picha ilikuwa na vichwa viwili.

Alijiambia amesahau kuzungusha, picha zikapandana. Akaikausha, akaiweka kwenye mashine, akamulika karatasi, akaitumbukiza kwenye dawa chini ya taa nyekundu. Picha ikiwa ndani ya dawa huanza kutokea sehemu za giza kwanza. Zilitangulia nyusi. Zilikutana. Chini yake yakaja macho mawili yakimtazama moja kwa moja, si macho ya mama, kisha mwamba wa pua, kisha masikio yaliyochomoza yale ambayo yeye mwenyewe aliyatania utotoni kuwa vipini vya sufuria. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango, na kwa muda mrefu hakuweza kuisogelea ile sinia ya dawa ambamo kaka yake alikuwa amelala chali, akiendelea kuiva.

Alipopata nguvu za kuitazama, akaelewa, na kuelewa kukawa kubaya kuliko kuogopa. Fundi alikuwa ameijaribu kamera baada ya kuitengeneza. Hakuwa na mteja, basi akaitega ipige yenyewe, akaenda kukaa kwenye kiti chake, mbele ya pazia lake. Filamu nzima ilikuwa yeye. Chuoni wamefundishwa kwamba filamu iliyokwisha tumika huzungushwa mpaka ulimi umezwe wote ndani ya mkebe, usije ukachanganywa na mpya. Fundi hakuwa na desturi hiyo. Aliweka sikio kwenye kamera, akazungusha hadi asikie ulimi unachomoka, akaacha hapohapo, ili akiingia gizani auvute kwa urahisi bila kuvunja mkebe. Na ili ajue kuwa imetumika, akakunja ncha. Binti alikumbuka sasa kwamba aliwahi kumwona akikunja, hakuuliza, na kaka hakueleza. Mtu anayefanya kazi peke yake alama zake huzisoma mwenyewe. Usilolijua ni sawa na usiku wa giza, na yeye katika giza lile alikuwa ameinyoosha ile ncha kwa ukucha wake, akaona amefanya usafi.

Picha ambazo mama yake alikuwa akizililia zilikuwapo. Zilikaa droo ya pili miezi yote ile, salama, zikingoja kusafishwa. Yeye akapiga nyingine juu yake.

Na kwa kuwa aliweka stendi kwenye alama zilezile na mama kwenye kiti kilekile, sura zilikuwa zimelaliana karibu kabisa, ila mama ni mfupi. Paji la uso la Fundi, nyusi na macho vilikuwa juu, kwenye giza la pazia, vizima kabisa. Chini ya pua yake kilianza kitambaa cheupe cha mama. Picha baada ya picha, mama alipoinama, alipogeuka, alipocheka kidogo, kile kitambaa kilipita palepale. Mdomo wa kaka yake haukuwamo hata katika moja.

Mwalimu aliingia akamkuta amekaa sakafuni. Aliinyanyua karatasi kwa koleo, akaisogeza kwenye taa, akapumua kwa nguvu.

"Hii ni kazi ya mtu mzima," alisema. "Umefanyaje?"

"Nimekosea, mwalimu."

"Basi ukosee tena."

"Huyo wa juu ni kaka yangu. Yule aliyefariki. Hizo ndizo picha zake pekee."

Mwalimu aliirudisha karatasi majini polepole mno, akasema pole, akatoka akaufunga mlango bila kelele. Hakumwuliza tena habari za kazi ile.

Nyumbani mama aliuliza, "Zangu zilitoka?"

"Bado zinakauka."

Siku iliyofuata zilikuwa bado zinakauka, na iliyofuata hiyo mashine ilikuwa imeharibika. Uongo ni kama mshono wa nguo kuukuu, ukishika hapa unaachia pale, na mama yake alikuwa mshonaji. Akawa anamwangalia tu kwa upande.

Bibi Filamu akaigeukia kompyuta aliyoidharau. Aliziingiza zile negativu kwa skana. Akachukua picha za dijitali za mama, alizompiga dakika chache kabla ya zile za filamu kwenye kiti hichohicho, akazitumia kumwondoa mama ndani ya filamu, kidogo kidogo, kivuli kwa kivuli. Alifanya kazi hiyo asubuhi, mlango wa studio umefungwa, upande wa pili cherehani ikilia. Kila ilipokatika alijua mama anamtafuta mtu, naye binti alikuwa akimtoa mtu huyo tope pale mbele yake. Kola ya shati ikatoka. Masikio yakatoka. Macho yakang'aa. Palipokuwa na mdomo palikuwa peupe. Hakukuwa na kivuli cha kukuza wala chembe ya kushika. Weupe wa kitambaa ulikuwa umeunguza kila kitu. Kaka yake alikuwa akimtazama kutoka kwenye kioo cha kompyuta bila mdomo, na macho yale yalikuwa na subira ya mtu aliyezuiwa kusema.

Akajaribu kuukumbuka. Hapo ndipo alipoingiwa na hofu ya kweli. Fundi alikuwa msemaji kuliko wote nyumbani, na yeye hakuweza kuuona mdomo wake. Aliisikia sauti, alikumbuka mizaha yake neno kwa neno, lakini pale pa mdomo akilini mwake pia palikuwa na kitambaa.

Alikwenda kwa mjomba.

"Mdomo wa kaka ulikuwaje?"

"Ulikuwa haufungiki," mjomba alisema, kisha akaona uso wa mpwa wake, akaacha mzaha. Akafikiri kwa muda, na safari hii hakudai njaa. "Mlikuwa na mdomo mmoja wewe na yeye. Mama yenu alikuwa akisema hivyo mkiwa wadogo. Jitazame kwenye kioo."

Alijitazama kwenye kioo. Kisha akarudi studio, akafunga mlango, akatega kamera ya mjomba ipige yenyewe, akaenda kukaa kwenye kile kiti. Hakupapasa ubao kujua kama una joto. Alijipiga akiwa amefunga mdomo, akiwa ameulegeza, akiwa anakaribia kutabasamu. Ule wa mwisho akaukata akaupeleka chini ya pua ya kaka yake. Aliupunguza mwanga, akaupaka chembechembe za filamu ili usijulikane umetoka wapi, akaongeza kivuli cha ndevu zilizonyolewa jana. Ulikaa. Haukuhitaji hata kusukumwa. Akaondoa mkono kwenye kompyuta akakaa mbali nayo, maana pale mbele yake alikuwapo Fundi, mzima, na alikuwa anakaribia kumwambia kitu.

Alichapa mbili. Moja ile ya kweli, vichwa viwili, macho ya mwana juu ya kitambaa cha mama. Nyingine ile safi. Akazitia katika bahasha moja, akajiapiza kwamba atampa mama ile ya kweli kwanza, amweleze habari ya ulimi na ukucha, aombe radhi, halafu mama mwenyewe aamue kama anaitaka na hii ya kutengenezwa. Huo ulikuwa mpango mzuri, na ninaamini alikuwa na nia ya kuutimiza mpaka alipofika kwenye kizingiti cha sebule.

"Una nini hapo?" mama aliuliza bila kuacha kukanyaga.

Mkono ukaingia katika bahasha ukatoka na ile safi.

Cherehani ilisimama. Mama aliishika karatasi kwa ncha za vidole, akaisogeza dirishani. Bibi Filamu alisimama palepale, bahasha kifuani, bado ina uzito wa karatasi moja.

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye filamu yake. Alikuwa anaijaribu ile kamera yangu."

Yote hayo yalikuwa kweli, na hiyo ndiyo shida ya nusu ya ukweli, inasimama vizuri kwa mguu mmoja.

Machozi yalikuwa yanamtoka mama, naye hayafuti. "Nyusi zilikutana," alisema. "Umeona? Zilikutana." Akaisogeza karibu, akaipeleka mbali. "Macho, sijui. Siyakumbuki yakiwa hivi. Hakuwa na macho ya mashaka mwanangu. Labda taa." Kisha akaweka kidole gumba juu ya mdomo, akaupitisha taratibu kutoka pembe hadi pembe. "Lakini mdomo huu ningeujua hata gizani. Huu ndio yeye."

Binti alifungua kinywa aseme. Mama hakuinua macho. Akakifunga.

Siku ya kusimama darasani ilipofika, aliwaonyesha picha ya mama ya dijitali, ile ya mtu aliyefiwa, na kwa upande wa filamu akasema imeharibika, hana cha kuonyesha. Wenzake wakaanza kunong'ona kwamba leo Bibi Filamu ameokoka. Mwalimu akamwuliza amechagua nini.

"Filamu."

"Ile iliyokuangusha?"

"Filamu ikiharibika, inaonekana imeharibika," alijibu.

Darasa zima lilicheka, maana lilisikika kama mzaha wake wa kawaida. Mwalimu hakucheka. Jioni hiyohiyo Bibi Filamu alimrudishia mjomba kamera yake, na mjomba alipomwuliza kama imemfaa, alisema imemfaa kupita kiasi.

Picha ikawekwa fremu, ikatundikwa juu ya cherehani. Kila aliyeingia alisema ndiye kabisa, ndiye huyu, anakaribia kukutania. Mama alianza kuimaliza mishono yake. Alikuwa akiisalimu asubuhi, akaipa na habari za nguo alizonazo mkononi, akanenepa kidogo hata. Mtu angesema nini hapo? Ukimpokonya mgonjwa dawa kwa kuwa umeitia maji, umemsaidia au umemuua? Ile ya kweli binti aliificha studio, na mara nyingine aliingia kuitazama, akitafuta kwenye kile kitambaa cheupe dalili yoyote. Hakuipata. Alipofumba macho kumkumbuka kaka yake akicheka, Fundi alicheka vizuri tu, kwa mdomo ule alioukata yeye. Wa asili haukurudi tena. Alikuwa amempa mama yake mtoto, na yeye akabaki bila kaka.

Jumapili moja mjomba alikuja kula, akaanza visa vyake vya ofisini, vya bosi aliyejifungia chooni na ufunguo ukabaki nje. Kisa kilikuwa cha kipuuzi na kilisimuliwa vizuri, na Bibi Filamu akacheka kwa nguvu, kichwa nyuma, kama alivyokuwa akicheka zamani. Alipotulia aliona mama ameacha kula. Alikuwa akimtazama yeye. Kisha akatazama ukutani, juu ya cherehani, akakaa huko kidogo, kisha macho yakarudi mezani, kwa binti yake, chini ya pua.

Binti akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Jino linakuuma?" mama aliuliza.

"Kidogo, mama."

"Toa mkono nione."

Hakuutoa.